Meno ya Watoto Arusha na Moshi: Tunafika Kliniki Jino Likishakufa

"Hilo ni jino la maziwa tu, litang'oka lenyewe." Ukiwa na mtoto mdogo Arusha au Moshi, maneno haya utayasikia kwa mama mkwe, kwa jirani, kwa mwalimu wa chekechea, na mara nyingine kwa mhudumu wa afya. Wanaosema hawana nia mbaya, na nusu ya wanachosema ni kweli. Jino litang'oka. Swali ni lini. Magego ya maziwa huota mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na hayang'oki mpaka afikishe miaka 9 hadi 12. Gego likitoboka mtoto akiwa na miaka minne, mzazi anayeambiwa asubiri anaambiwa amwache mtoto na shimo mdomoni tangu chekechea hadi darasa la tano huko. Hakuna mtu mzima ambaye angekubali kusubiri hivyo kwa jino lake.

Hoja yangu ni hii. Watoto wetu hawapotezi meno kwa sababu tiba hakuna, wala kwa sababu tiba yote ni ghali. Wanayapoteza kwa sababu mtu wa kwanza kuwatazama mdomoni ni yule anayeshika koleo la kung'olea. Miaka miwili ya mwanzo, ambayo mtoto hupelekwa kliniki kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, hupita bila mtu kuinua mdomo wake wa juu na kuangalia kuna nini.

Kwanza tuliweke sawa suala la umuhimu wa meno haya. Mtoto ana meno ya maziwa 20. La kwanza huota akiwa na miezi kama sita, na yote hukamilika karibu na miaka mitatu. Anayatumia kutafuna katika miaka ambayo mwili na ubongo vinakua kwa kasi kubwa. Mtoto mwenye jino linalouma huacha nyama, huacha makande, huacha kila kinachotafunwa, anabaki na uji na chai. Usiku halali, na mama naye halali. Shuleni anasinzia, mwalimu anamwona mzito wa kuelewa. Zaidi ya hapo, kila gego la maziwa limeshika nafasi ya jino la ukubwani lililo chini yake. Likiondolewa mapema, majirani zake huegemea pengo, na jino jipya likija linakuta njia imezibwa, linaota pembeni au linabaki ndani ya fizi. Meno mengi yaliyopandana tunayoyaona kwa vijana wa sekondari yana historia ya namna hiyo, ingawa urithi wa umbo la taya nao una sehemu yake. Usaha wa jino la maziwa ukikaa muda mrefu unaweza pia kuharibu jino la ukubwani linalojengwa chini yake, likaota na doa au kasoro.

Kuna jambo moja wazazi wengi hupitiwa nalo. Akiwa na miaka sita, mtoto huota gego la kwanza la ukubwani nyuma kabisa ya magego ya maziwa. Halitanguliwi na jino lolote kung'oka, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kuwa limefika. Mzazi analiona, anadhani ni la maziwa, anasema litang'oka. Hilo haling'oki. Likioza darasa la tatu, limeoza moja kwa moja.

Mama mmoja niliyekaa naye benchi moja kwenye kliniki ya meno mjini Moshi alikuwa amempakata mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, ngozi imevutika na kung'aa, jicho la upande huo limeanza kufumba. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa ameegemea kifua cha mama yake akipumua kwa mdomo, ametulia kwa namna ambayo mtoto mzima hatulii. Mama alinieleza kwamba tangu Krismasi alikuwa anatafunia upande mmoja. Walimwekea karafuu kwenye shimo, ikasaidia. Wakampa Panadol usiku, ikasaidia. Halafu siku moja maumivu yakaisha yenyewe, wakashukuru Mungu. Kumbe jino ndipo lilipokufa: mshipa wa ndani ulioza, ukaacha kuuma, na usaha ukaanza kutafuta njia kwenye mfupa. Nilimuuliza kama kliniki ya watoto alikuwa anampeleka. "Zote," alisema. "Sikukosa hata mwezi mmoja." Akatoa kadi kwenye mkoba, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, chanjo zote zimejazwa, mstari wa uzito unapanda vizuri. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumtazama meno. Akafikiri kidogo. "Wa kumtazama meno? Hapana, huyu dokta wa leo ndiye wa kwanza."

Nimeikumbuka kadi ile mara nyingi. Yule mama alifanya kila alichoambiwa afanye. Kama mfumo ungemwambia jambo moja zaidi, angelifanya pia.

Kwetu huku kuna jambo la ziada linalofanya macho yetu yasione. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini mengi ya floraidi, na maji yanayopita kwenye miamba hiyo huyabeba. Kuzunguka Mlima Meru hali ni kali: maji ya maziwa ya Momella yana floraidi nyingi mno, na vyanzo kadhaa vya upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai vinajulikana miaka mingi kwa kuharibu meno, na kwa baadhi ya watoto hata mifupa, miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, na kabla ya hapo hata zaidi, hasa kwa maji ya vijijini, kwa sababu wengi hawakuwa na maji mengine, kabla ya kushusha kiwango hadi hiyo 1.5. Upande wa Moshi chemchemi nyingi za mlimani ni salama zaidi, lakini jikoni kuna magadi. Magadi yanayolainisha maharage ya kiburu au makande, na kuokoa mkaa, yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na tangu miaka ya 1990 watafiti wa hapa nchini walionyesha kuwa yanaweza kuleta madoa hata pale ambapo maji yenyewe hayana tatizo. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi hiyohiyo bila madhara hayo.

Madoa ya floraidi hayaji jino likishaota. Jino huathirika likiwa bado linajengwa ndani ya taya, na meno ya mbele ya ukubwani hujengwa hasa katika miaka mitatu ya kwanza. Maana yake rangi ya kahawia unayoiona kwa mtoto wa darasa la pili ilitokana na alichokunywa na kula akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuna mswaki unaoiondoa. Mtoto wa namna hiyo akiitwa mchafu shuleni, akaambiwa hapigi mswaki, anaonewa, na mwalimu anayemwita hivyo mbele ya wenzake ajue anamfundisha kuficha mdomo maisha yake yote. Ninajua watu wazima waliosoma vizuri, wana kazi nzuri, na bado hufunika mdomo kwa kiganja wanapocheka.

Kwa upande wa maji kuna kazi imefanyika. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Meru, kimekuwa kikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyonasa floraidi. Pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni kichujio kilichompatia mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika. Jiji la Arusha nalo limepata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 ambao moja ya shabaha zake ilikuwa kupata maji yenye floraidi ndogo. Mzazi ajue tu kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi: maji yanapungua kwa mvuke, madini yanabaki, na kinachobaki sufuriani kimekolea zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri yana floraidi kidogo sana, na maziwa ya mama vilevile. Kwa familia ya Maji ya Chai, miezi sita ya kunyonyesha bila kumpa mtoto hata tone la maji ni kinga ya meno ya mbele pia.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanagusa hoja yangu moja kwa moja. Katika mji ambao kahawia kwenye meno ni jambo la kawaida, kahawia ya kuoza hupita bila kuonekana. Mzazi anamwangalia mtoto wa miaka miwili, anaona meno ya mbele ya juu yana rangi karibu na fizi, anasema ni maji yetu haya. Mara nyingi siyo maji. Sehemu kubwa ya meno ya maziwa hujengwa mtoto akiwa tumboni na miezi ya mwanzo anaponyonya, kwa hiyo madoa ya floraidi huyapata kidogo kuliko meno ya ukubwani. Pia yana tabia zake: doa la floraidi huwapo tangu jino linaota, hufanana kulia na kushoto, na kwa kawaida jino ni gumu ukiligusa. Kuoza huja baadaye. Huanza na mstari mweupe uliofifia kama chokaa karibu na fizi, ukaachwa unakuwa wa njano, halafu wa kahawia, kisha jino linalainika na kumeguka. Mtoto chini ya miaka mitatu akiwa na rangi kwenye meno ya juu ya mbele, mchukulie kuwa ana meno yanayooza mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Na ule mstari mweupe ndio wakati wa thamani. Hapo jino halijatoboka, na linaweza kurudi katika uzima.

Wapo wanaoamini kwamba floraidi yetu nyingi angalau inatukinga na kuoza. Kiasi kidogo kwenye uso wa jino hukinga, ndiyo. Lakini jino lililoathirika vibaya lina vijishimo na uso wake ni dhaifu, linameguka, na hakuna floraidi inayoshinda chupa ya juisi inayokaa mdomoni mwa mtoto usiku mzima. Bakteria wa utando wa meno hula sukari na kutoa asidi, na kila mara sukari inapoingia asidi hiyo hufanya kazi kwa muda, kama nusu saa, kabla ya mate kuituliza. Kwa hiyo hesabu ya hatari ni mara ngapi kwa siku, kuliko ni kijiko kingapi. Uji wa sukari asubuhi, biskuti saa nne, juisi ya pakiti njiani, chai ya maziwa yenye sukari jioni, pipi ya dukani kwa sababu alilia: mate hayapati nafasi. Unga wa lishe si adui. Sukari inayomiminwa juu yake, tena kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili na bado hajaijua ladha hiyo, ndiyo ya kuacha.

Sasa nifike panaponiuma zaidi. Nimesema hakuna anayemtazama mtoto mdomoni miaka ya mwanzo. Si kweli kabisa. Yupo anayetazama, naye ni yule anayetafuta meno ya plastiki. Mtoto ana homa, anaharisha, fizi zimevimba pale meno ya chonge yanapojiandaa kuota, na bibi anaambiwa mtoto ana meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni, yasipotolewa atakufa. Fizi inapasuliwa kwa kisu, kwa wembe, kwa spoki ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi laini la jino la kweli, jeupe, ambalo halijakomaa, na ndiyo maana linafanana na plastiki. Mtoto aliyekuwa anaharisha sasa anavuja damu na kushindwa kunyonya, chombo kisichochemshwa kinaweza kumwachia vijidudu hatari, na chipukizi la jino la ukubwani lililo jirani linaumizwa. Wapo watoto waliofia katika jambo hili. Homa na kuharisha kwa umri ule vina sababu zake: mtoto anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, kinga aliyopewa na mama inapungua. Anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS, vidonge vya zinki, na kupimwa malaria.

Tumezoea kulaani waganga hao, na wanachofanya lazima kikome. Lakini tujiulize kwa nini bibi anawaamini. Mganga anamfungua mtoto mdomo, anamwonyesha bibi kitu kwa macho, anampa jibu. Kama muuguzi angekuwa wa kwanza kuinua mdomo ule na kusema, "Bibi, hapa chonge linakuja, fizi itavimba kidogo, usiogope," mganga angekosa la kuuza.

Tiba zenyewe nizipitie, maana mzazi asiyejua kuna nini hawezi kuomba. Jino lenye mstari mweupe hupakwa vanishi ya floraidi kwa brashi ndogo, kazi ya dakika chache, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Magego ya ukubwani yakishaota, mifereji yake mirefu huzibwa kwa dawa kabla chakula hakijajificha humo. Yote mawili hayana sindano.

Jino likishatoboka, wengi wanadhani njia ni mbili tu: mashine ya kuchimba inayomtisha mtoto, au koleo. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno kwa njia nyingine kabisa. Sehemu iliyooza na kulainika huondolewa kwa vifaa vya mkono, bila umeme, mara nyingi bila ganzi, kisha shimo huzibwa kwa saruji maalumu ya meno inayojishika kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Leo inafundishwa Brazili, China na Ulaya. Ilizaliwa hapa, kwa ajili ya zahanati zetu zisizo na umeme, na bado mtoto wa Siha au Longido anang'olewa jino ambalo lingezibwa juu ya kiti cha kawaida karibu na dirisha.

Kuna dawa nyingine inayostahili kujulikana kuliko inavyojulikana: dawa ya madini ya fedha na floraidi. Jino linakaushwa, tone dogo linapakwa kwenye shimo, linaachwa kama dakika moja. Madini ya fedha huua bakteria, floraidi huimarisha jino, kuoza kunasimama. Japani wameitumia tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi na ile saruji ya kuzibia, katika orodha yake ya dawa muhimu. Tone moja linatosha meno kadhaa. Kasoro yake ni moja, nayo haifichiki: sehemu iliyooza inageuka nyeusi tii. Mzazi aambiwe kabla, aonyeshwe picha, aamue. Kwa gego la nyuma sioni sababu ya kusita. Kwa meno ya mbele ya binti anayeanza chekechea katika mji ambao tayari watu wanachekana kwa rangi ya meno, naelewa mama akiomba njia nyingine. Dawa hii pia haifai kwa jino ambalo mshipa umeshafikiwa, linalouma lenyewe usiku au lenye kijipu kwenye fizi.

Gego la maziwa lililooza pande mbili linaweza kuvalishwa kofia ya chuma. Daktari wa Uskochi aitwaye Norna Hall alizoea kuzivalisha bila sindano na bila kuchimba, akiifunga kuoza ndani ili bakteria wakose chakula, na matokeo yake yalipochunguzwa na kuchapishwa mwaka 2006 madaktari wengi walibadili mawazo. Mshipa ukiwa umeguswa lakini haujafa, sehemu ya juu ya mshipa huondolewa na jino likabaki. Kung'oa kupo, na kuna siku ndiyo tiba sahihi, kama kwa mtoto yule wa Moshi. Lakini baada ya kung'oa gego mapema, mzazi aulize kuhusu waya wa kushikilia nafasi. Na kuhusu ule mchanganyiko wa zebaki na madini mengine wa kuzibia meno (amalgamu), nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2022 usitumike kwa meno ya maziwa wala kwa watoto chini ya miaka 15, isipokuwa daktari wa meno akiona ni lazima, kwa hiyo mzazi akipewa aulize kwa nini.

Najua swali linaloulizwa sana Arusha: kama maji yetu yana floraidi nyingi, kwa nini nimpake tena mtoto dawa yenye floraidi? Nimekutana na wazazi walioacha kabisa dawa ya mswaki kwa hofu hiyo, na hofu yao ina mantiki. Tufanye hesabu. Dawa ya kiasi cha punje ya mchele ina uzito wa kama gramu 0.1. Ikiwa na kiwango cha 1,000, yaani miligramu 1 ya floraidi kwa kila gramu ya dawa, punje hiyo ina miligramu 0.1 za floraidi. Mtoto akiimeza yote, asubuhi na jioni, amemeza miligramu 0.2. Lita moja ya maji yenye kiwango cha 4 inampa miligramu 4, mara ishirini zaidi. Hatari iko kwenye sufuria na ndoo, siyo kwenye mswaki. Punje ya mchele mpaka afike miaka mitatu, punje ya njegere mpaka sita, ateme, na mzazi ndiye ashike mswaki mpaka mtoto afikie miaka saba au minane, maana mkono wa mtoto wa miaka minne haufiki nyuma. Katika nyumba inayotumia maji mabaya, fedha ya kwanza iende kwenye maji ya kunywa na kupikia ya mtoto aliye chini ya miaka minane, hata kama wakubwa wataendelea na ya bomba lilelile.

Nirudi kwenye kliniki ya watoto. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Wakati huo ana meno ya mbele yote na magego ya kwanza yameota au yanaota. Amekwisha kuonwa na wauguzi mara nyingi kuliko atakavyoonwa miaka kumi ijayo. Ninapendekeza, tena kwa msisitizo, kwamba katika ziara ya miezi 9 na ile ya miezi 18 muuguzi ainue mdomo wa juu wa mtoto, atazame mstari wa fizi, na aandike kwenye kadi: safi, mstari mweupe, au limetoboka. Wauguzi wamezidiwa na kazi, hilo nalikubali bila ubishi, na sitaki kuwaongezea fomu nyingine. Lakini kutazama huku ni kwa nusu dakika, na mtoto aliyetoka kuchomwa sindano tayari mdomo uko wazi. Anayeonekana na tatizo atumwe kwa tabibu wa meno aliye karibu, apakwe vanishi au ile dawa ya fedha siku hiyohiyo.

Tusijidanganye kwamba shughuli za tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, zinaziba pengo hili. Ni jambo jema watoto wa shule wakipewa miswaki na kufundishwa kusugua. Ila mtoto wa darasa la kwanza anayepangwa foleni siku ile tayari ana miaka sita au saba, na meno yaliyoharibika yaliharibika miaka minne iliyopita. Kwa duniani kote Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 wana meno ya maziwa yaliyooza. Wengi wao walipita mikononi mwa mhudumu wa chanjo.

Fedha ipo wapi? Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Meno ni sehemu ya mtoto. Halmashauri za Arusha, Meru, Moshi na Hai zinapopanga bajeti za vituo vyao, dawa ya fedha, vanishi na saruji ya kuzibia viandikwe kwa majina kwenye maombi, pamoja na dawa za ganzi na koleo ambazo huwa hazisahauliki. Kituo chenye vifaa vya kung'oa peke yake kitang'oa, hata tabibu awe na moyo mzuri namna gani.

Wakati hayo yanasubiriwa, mzazi anaweza kufanya la kwake wiki hii. Mlaze mtoto mapajani, kichwa chake kwako, miguu kwa mwenzako, mchana penye mwanga. Inua mdomo wa juu kwa kidole, angalia pale jino linapokutana na fizi, kisha angalia magego ya chini. Siku ya kliniki muulize muuguzi, "Dada, naomba unitazamie meno yake pia." Kama ana shaka, ulizia kituo kilicho karibu chenye tabibu wa meno na siku anazokuwapo, kwa sababu vituo vingine vina siku maalumu za meno. Ukifika huko uliza kama wanapaka vanishi na kama wanaziba kwa vifaa vya mkono, kabla hujakubali kung'oa jino ambalo bado haliumi.